Shati la Mihayo

Nyamizi alilitoa kwenye salfeti,
akalitandaza juu ya meza yangu, hapa Isevya,
kama mtu anayeweka samaki asiyemwamini.
"Fundi, nishonee. Jumatatu anataka kulivaa."

Mimi ni mshonaji. Kitambaa hunieleza.
Kikichoka huachia polepole, uzi mmoja mmoja,
kama wageni wanaoaga.
Hili halikuchoka. Hili lilivutwa.
Kola imeng'oka na kipande cha bega,
vifungo vitatu vimekwenda na vitambaa vyake,
na mgongoni mistari minne ya damu kavu
imenyooka kana kwamba mtu alipiga rula.

Sikuuliza. Alisema mwenyewe.
Mihayo alikuwa na baiskeli, madumu mawili ya asali ya Sikonge,
saa mbili usiku, pale barabara inapokatiza reli.
Wakamsimamisha. Akasimama.
Wakataka kibali. Akatoa.
Wakasema kibali kimechakaa.
Ndipo akauliza: "Afande, kosa langu ni nini?"
Maneno matano. Nimeyahesabu.
Fimbo alizihesabu mama yake, kwa makovu: kumi na moja.

Asali ilimwagika relini.
Asubuhi siafu walifika kabla ya mjumbe.

Kitete wakamwambia, kwanza lete PF3.
PF3 inatolewa kituoni.
Kituoni, nyuma ya kaunta, alikuwa yuleyule,
akamuuliza jina kama watu wasiowahi kuonana,
na pale panapotakiwa chanzo cha majeraha
akaandika: ameanguka na baiskeli.

Nikasimamisha cherehani.
Mguu mmoja wa meza yangu ni mfupi,
na tangu mwaka ule wa semina ya kata
umekalia kitabu chembamba cha Katiba
tulichogawiwa pamoja na soda na nauli.
Nikainama, nikakivuta. Meza ikayumba.
Jalada limebonyea, kurasa zimeshikana kwa mafuta ya mashine,
lakini ibara ya kumi na tatu inasomeka:
mtu asiteswe, asiadhibiwe kinyama, asidhalilishwe.
Haikusema, isipokuwa mwenye baiskeli.
Haikusema, isipokuwa usiku.
Nyamizi hajui kusoma. Aliweka kidole
pale nilipoweka changu, akakiacha hapo.
"Haya maneno yalikuwapo siku zote?"
Nikasema ndiyo.
Chini ya mguu wa meza.

"Basi shona, fundi, giza linaingia."
Nikamwambia sishoni.
Miaka thelathini na mmoja
sijawahi kumrudishia mtu nguo yake ingali imechanika.
Usilifue. Usiliazimishe.
Usimpe anayesema nitakusaidia bila kuandika jina lake.
Lifunge kwenye karatasi, lisiote ukungu.
Wakili wa bure huja Tabora mara moja kwa mwezi, akija.
Nikilishona hili nitakuwa nimemshona shahidi mdomo.

Akaondoka nalo kwapani, amenikasirikia kidogo.
Nilimwona akisimama kwa muuza mkaa,
akiomba gazeti la zamani.

Siku ya tatu akaja koplo.
Namjua: kiuno thelathini na nane,
paja la kulia limezidi la kushoto,
suruali zake za kaki nampunguzia mimi, na hulipa kwa wakati.
Safari hii alitaka koti, dada yake anaolewa.
Akachagua kitambaa cha kijivu, akakisugua kwa vidole,
akauliza kama kitachanika mapema.
Nikasema inategemea.

Meza bado inayumba, sijaitafutia tofali.
Nikachukua futi shingoni,
nikamwambia nyanyua mikono.
Akainyanyua yote miwili, juu, kama mtoto anayevuliwa fulana,
nami nikamzungushia futi kifuani
hadi nikasikia anavyopumua.

Hakuuliza kosa lake ni nini.

Nikaandika: arobaini na mbili.